Meza ya Mwembe na Chumba Chembamba

Nyumba zetu za mawe za Mombasa na Lamu hazikujengwa kwa ajili ya meza. Upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, na kwa kuwa boriti haivuki kwa usalama masafa yanayozidi mita 3 hivi, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Humo watu walikaa mkekani wakaizunguka sinia. Chakula kikiisha sinia huondolewa, mkeka hukunjwa, na chumba hurudi kuwa ukumbi. Meza haiondoki. Anayetaka kuiingiza hana budi kukipima chumba kabla hajaupenda ubao.

Sisi tulilazimika kuitafuta meza kwa sababu ya magoti ya Bibi. Tangu aliposhindwa kukaa chini alikuwa akila kwenye kiti cha pembeni, sahani mapajani, na mazungumzo ya mkekani yakimpita. Hakulalamika, lakini matonge yake yalipungua, na hilo lilituhuzunisha kuliko malalamiko.

Ubao tulikuwa nao. Mwembe wa boribo ulioangushwa na upepo shambani ulikuwa umepasuliwa mbao nene za inchi 2, zikapangwa kipenuni huku vijiti vikitenganisha ubao na ubao ili hewa ipite. Mafundi huhesabu takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, basi tukasubiri miaka miwili. Fundi akapendekeza ukingo usinyooshwe, bali uachwe na mawimbi yake kama mti ulivyoumbwa. Gome lote aliliondoa, maana wadudu hujificha chini yake, na gome likisalia hubanduka siku moja, baada ya kuchana mabuibui kadhaa.

Ndipo mjadala ulipoanza. Binti zetu walitaka meza ya duara, na hoja yao ilikuwa na uzito: duara ni sinia iliyoinuliwa, haina kichwa wala mkia, na kila mkono huufikia wali kwa umbali uleule. Tulikaribia kukubali. Lakini chumba chetu kina upana wa mita 2.7. Duara la kuwatosha watu sita au saba huwa na kipenyo cha sentimita 130 hivi. Likiwekwa katikati, kila upande husalia sentimita 70. Aliyeketi huchukua 60 kati ya hizo, na anayetoka jikoni na birika la chai apite wapi? Tena ubao wenyewe haukufikia upana huo, na kuuchonga duara kungeuondoa ukingo uleule tuliokusudia kuuhifadhi. Duara, kwa maoni yetu, ni la chumba cha mraba.

Kabla ya msumeno kugusa chochote tulitandika leso sakafuni. Leso moja ina urefu wa mita 1.5 hivi na upana wa kama mita 1.1, ukizikunja na kuziunganisha utapata umbo lolote la meza. Tukaweka viti kuzizunguka, tukapita na masinia matupu mikononi, tukaziacha siku tatu. Jirani aliyeingia alidhani tunafua. Njia hii haigharimu kitu, nayo huonyesha yale ambayo tepu haiwezi kuyaonyesha, kama vile mlango wa kabati usiofunguka.

Leso zikatuchagulia meza ndefu: mita 2.2, ikifuata urefu wa chumba, sentimita 80 penye upana mkubwa na 68 penye upana mdogo. Upande wa ukutani ulinyooshwa, kwa kuwa huko kuna benchi la watoto, nao huteleza kutoka mwisho hadi mwisho. Mawimbi yangewaumiza mbavu. Ukingo wa asili ukaelekezwa chumbani. Benchi sentimita 40, meza 80, viti 60. Ikabaki njia ya 90, na birika likapita.

Pale penye sentimita 68 ukingo umeingia ndani kama ghuba ndogo. Fundi alitaka kuupunguza ubao wote ili ulingane nayo. Tukakataa. Aliyeketi hapo huwa karibu zaidi na katikati ya meza, na mkono wake huifikia sinia bila kunyooka sana. Hapo tukaweka kiti cha Bibi.

Meza, hata hivyo, ina tabia ya kumwitia kila mtu sahani yake. Wiki ya kwanza tulijikuta na sahani tisa za kuosha, kila mmoja akila kimya kama hotelini. Tangu hapo hupakua masinia mawili, moja upande wa watoto na moja mbele ya Bibi, na kelele zimerudi.

Bibi ameomba kitu kimoja tu: kibago cha miguu, kwani viti hivi ni virefu kwake. Fundi amekiunda kwa vipande vilivyokatwa upande wa ukutani.