Mama Mdogo Alipouliza Tuanzie Wapi

Dada yangu uliyebakwa na unayelibeba jambo hili peke yako, nakuandikia wewe.

Aliyenibaka alikuwa mtu wa kuja kwetu na kula. Usiku uleule nilikwenda kwa rafiki yangu, tumekua pamoja. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa jioni ile ulifuata nini kwake? Mbona hukupiga kelele?"

Sikuwa na jibu. Sauti haikutoka. Mwili uliganda. Baadaye sana mshauri alinieleza kwamba hilo huwapata wengi: hofu ikizidi, mwili hugoma hata kusogea, wala si kwamba mtu ameridhia. Usiku ule sikuyajua hayo. Nililijua lile swali tu.

Nikarudi chumbani nalo. Nikaoga. Nikaoga tena. Chakula hakipiti. Usingizi hauji. Kwaya nikaacha. Nikaanza kuamini kosa ni langu. Sikumwambia mtu mwingine. Kuna usiku nilimwomba Mungu nisiamke. Niliomba kweli. Kukakucha.

Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72 baada ya kubakwa, zikanywewa kwa siku 28. Saa zangu zote ziliishia mle chumbani, nikijiuliza mbona sikupiga kelele.

Mama mdogo alikuja kutoka Korogwe, akaona nilivyokonda. Akaketi kitandani kwangu. Nilipomwambia hakuuliza nilivaa nini. Alisema, "Nakuamini, mwanangu. Hukukosa kitu." Halafu, "Unataka tuanzie wapi?" Tangu siku ile ya balaa, hakuna aliyekuwa ameniuliza ninachotaka. Nililia mpaka nikalala, na nililala hadi asubuhi.

Tulianzia Dawati la Jinsia na Watoto, polisi. Askari wa kike akanisikiliza bila kunikatiza, akaandika fomu ya polisi ya PF3, tukaenda hospitali. Vipimo vilitoka salama, namshukuru Mungu. Ushauri nasaha bado nahudhuria. Pikipiki ikisimama nje usiku moyo bado huruka, ila sasa hutulia. Kwaya nimerudi.

Wewe je, uliyemwambia kwanza alikuumiza? Mwambie mwingine: mama, shangazi, mchungaji, muuguzi. Kama saa 72 hazijapita, nenda hospitali leo hii, na nguo ulizovaa usizifue; zitie kwenye mfuko wa karatasi uende nazo. Zikiwa zimepita, nenda vilevile. Mimi nilipokelewa.