Haki ya Kupigwa na Upepo: Matembezi ya Wakongwe katika Mji wa Copenhagen

Mji wa Copenhagen, makao makuu ya Denmark, umejengwa juu ya visiwa, kama ulivyo mji wetu wa Mombasa. Bahari imeingia hadi kati ya mitaa yake, na madaraja ndiyo yaunganishayo upande na upande. Nchi yenyewe ni tambarare. Kilima chake kirefu kuliko vyote hakifiki hata mita 171 kutoka usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu wenyeji wameitengea njia yake kando ya barabara pamoja na taa zake za kuiongoza, baiskeli ndiyo chombo cha kila mtu. Mwalimu huiendea shuleni, daktari huiendea hospitalini, na mama huwapakia wanawe wawili ndani ya sanduku la mbele akawapeleka chekechea. Kwetu sisi, mwenye baiskeli hudhaniwa kuwa amekosa nauli. Huko, hata mbunge huonekana akikanyaga pedeli.

Katikati ya msafara huo wa asubuhi na jioni hupita chombo kimoja kinachomfanya mgeni ageuze shingo. Ni baiskeli ya magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Mbele pana kiti kipana chenye mto, kinachowatosha watu wawili, na juu yake paa la turubai linalokunjuliwa mvua inaponyesha. Abiria wamefungwa mkanda na kufunikwa blanketi miguuni. Mara nyingi ni wakongwe: bibi wa miaka themanini na kitu, au mzee ambaye miguu imemgomea. Nyuma yao, mwenye kuiendesha hukanyaga polepole, akisaidiwa na mota ndogo ya umeme.

Nafasi ya kiti hicho haikuchaguliwa ovyo. Katika riksho za Dhaka, dereva huketi mbele na abiria hutazama mgongo wake njia nzima. Katika chombo hiki abiria yuko mbele, na hakuna kinachomziba macho. Barabara yote ni yake, na sauti ya mwenzake humjia karibu kutoka nyuma, bila ya kupigiana kelele. Kwa wale wasioweza kuhama kutoka viti vyao vya magurudumu, zipo baiskeli nyingine zenye jukwaa la mbele, ambalo kiti hupandishwa pamoja na mwenyewe na kufungwa imara.

Jambo hili lilianza mwaka 2012. Mtu mmoja wa mji huo aitwaye Ole Kassow alikuwa akienda kazini kwa baiskeli, na kila asubuhi alimwona mzee yule yule ameketi juu ya benchi nje ya nyumba ya kutunzia wazee, mkongojo wake wa magurudumu ukiwa kando. Kassow aliwaza kwamba mzee wa rika lile, katika mji ule, bila shaka naye aliwahi kuwa mpanda baiskeli. Basi akakodi riksho, akaenda nayo mpaka mlangoni pa nyumba ile, akauliza kama yuko atakaye kutembezwa. Akapatikana. Baadaye akaliandikia baraza la mji, na huko barua yake ikamfikia mfanyakazi mmoja, Dorthe Pedersen, aliyeona kwamba wazo lile halistahili kulala katika faili. Baraza likanunua baiskeli tano za mwanzo. Kutoka hapo wawili hao wakaijenga jumuiya ambayo leo imeenea katika zaidi ya nchi 30, kuanzia Norway na Scotland hadi Singapore na Marekani.

Wanaoendesha hawalipwi, na abiria halipi. Ni watu wa kujitolea: wanafunzi, wafanyakazi waliotoka kazini, na wastaafu ambao wenyewe wanakaribia umri wa abiria wao. Hufundishwa kwanza namna ya kukiendesha chombo na kumpandisha mtu dhaifu, kisha kila mmoja hutoa saa moja au mbili alizonazo.

Njia za kupita ni nyingi. Upande mmoja wa mji pana maziwa yaliyopangana kama ushanga, na kando yake njia tambarare yenye miti, mabata na watu wanaotembea. Katikati ya maziwa hayo pamevuka Daraja la Malkia Louise, ambalo asubuhi hupitwa na baiskeli kama kumbikumbi. Ukishuka kuelekea bandarini unafika Nyhavn, mfereji uliochimbwa katika karne ya 17, wenye nyumba za rangi ya manjano, nyekundu na buluu, na mashua za kale zimefungwa gati. Mtunzi wa hadithi za watoto, Hans Christian Andersen, aliwahi kuishi katika nyumba za hapo. Na mwishoni mwa mfereji, tangu mwaka 2016, pana daraja la waendao kwa miguu na wapanda baiskeli peke yao, linalovusha watu hadi mtaa wa Christianshavn, ng'ambo ya maji.

Mtalii huyatazama hayo akapiga picha. Kwa mkongwe aliyezaliwa humo si mandhari. Ni shule aliyosoma, duka alilonunua kitambaa cha harusi yake, gati ambapo mumewe alishuka kutoka melini. Kwa hiyo jumuiya hiyo imeweka nguzo tano za matembezi yake, na moja ni kusimuliana: abiria asimulie, naye mwendeshaji asikilize. Nyingine ni ukarimu, na nyingine ni ujenzi wa uhusiano baina ya watu. Ya nne ni kwamba umri usiwe ukuta. Na ya tano, ambayo naiona ndiyo mama wa zote, ni mwendo wa polepole. Anayekwenda polepole husimama akisalimiwa, hunusa mkate unapotoka motoni, humwona mtoto akajibu tabasamu lake. Watu hawakipiti chombo hicho kama wanavyolipita gari la wagonjwa, hukipungia mkono.

Maneno yanayotajwa sana katika jumuiya hiyo ni kwamba kila mtu ana haki ya kupigwa na upepo nyweleni. Sisi tunaojisitiri tutacheka kidogo, kwani nywele zetu hazina miadi na upepo wa barabarani. Lakini maana yake twaifahamu. Ni upepo wa usoni, ule unaomwambia mtu kwamba yungali miongoni mwa watu.

Hapa huenda msomaji akasema: hao ni watu wanaowapeleka wazazi wao katika nyumba za wazee, sisi wetu tunakaa nao. Ni kweli, na ni neema ya kushukuriwa. Lakini tusiifanye neema hiyo pazia. Mama anaweza kuishi na wanawe, akapikiwa uji, akaogeshwa, akapewa dawa kwa saa zake, na ukapita mwaka mzima hajauona mtaa. Nyumba zetu za Mji wa Kale zina ngazi za wima na nyembamba. Aliyezipanda akiwa na nguvu ameshindwa kuzishuka magoti yalipochoka. Matatu ina kidato kirefu na haina subira. Vichochoro vya Lamu havipitishi gari. Akitoka, hutoka kwenda hospitali, au kwenye msiba. Sisi twasema amepumzika. Tumemwuliza?

Na akina mama ndio wanaofungika zaidi. Mzee mwanamume, hata akiwa na mkongojo, hujikokota hadi barazani na wenzake wakamkuta hapo. Bibi dirisha lake ndilo baraza lake, nalo pengine linatazama ukuta wa jirani.

Baiskeli za Copenhagen ni ghali, nazo zinataka njia zake. Mawe na mashimo yetu hayatazivumilia kila mahali. Lakini tukiichunguza habari hii vizuri tutaona kwamba kilichomtoa mzee nje si chombo. Ni mtu aliyesimama mlangoni akasema, "Nina saa moja, twende utakako." Hilo hatukosi uwezo wake. Tuktuk ina sakafu ya chini, na kiti chake kinamtosha bibi na mjukuu wa kike ubavuni mwake, akiwa na sitara yake na wa kumshika mkono. Dereva akikodiwa kwa saa badala ya safari, hana haja ya kukimbia. Vijana wawili wenye mikono thabiti wanaweza kumteremsha mkongwe ngazi kwa kiti, mmoja juu na mmoja chini. Mama Ngina, pale mbele ya mlango wa bahari, jioni baada ya Alasiri, pana njia pana ya kusukumia kiti cha magurudumu, meli zinazoingia Kilindini, madafu, na mihogo ya kukaanga.

Jambo moja tujifunze kwao kabla ya kutoka: mwenye safari ni abiria. Tusimchagulie. Pengine hataki kuona bahari. Anataka kupita mbele ya nyumba aliyozaliwa, au kumbishia hodi shoga yake wa utotoni ambaye naye hashuki ngazi. Tumpeleke huko, polepole, na simu zetu zikae mikobani. Na katika mtaa wenye nyumba kumi, zikipatikana familia nne za kupokezana wiki kwa wiki, hakuna bibi atakayemaliza mwezi bila ya kutoka. Wiki hii, kabla ya kumpa uji wake wa jioni, tumwulize: Bibi, ungependa kwenda wapi?