Bao Lisilo na Picha

Visiwani watu walianza kutazama televisheni katika miaka ya 1970. Ndugu zao wa Bara walingoja hadi mwaka 1994. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua jinsi mpira wa Nyanda za Juu Kusini unavyokumbukwa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara na kuwaacha nyuma Simba na Yanga. Wasiokuwapo uwanjani waliupokea mpira ule kwa masikio, kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam. Waliokuwapo waliuona kwa macho yao, na wengi wao leo ni wazee, au wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Miongoni mwa mashabiki wa zama hizo yumo mtu mmoja ambaye sasa anaikaribia miaka hamsini. Alikuwa na umri wa miaka tisa alipoanza kupelekwa na mjomba wake katika Uwanja wa Sokoine, mjini Mbeya. Mtoto hakulipa kiingilio iwapo ameshikwa mkono na mtu mzima. Kwa hiyo mlangoni kila mwenye tiketi aligeuka baba wa watoto wawili watatu asiowajua. Wakishavuka, mikono iliachiana, kila mmoja akatafuta pa kusimama.

Baridi ya Mbeya haina huruma kwa mwenye shati moja. Mtoto yule alijibanza katikati ya makoti yaliyonukia moshi wa kuni, akitafuna karanga zilizofungwa kwenye karatasi la daftari. Mbele yake ilikuwa migongo. Alichokiona cha mpira kilikuwa vipande tu: soksi zenye matope, mpira ukipaa juu ya vichwa na kuzama tena. Mara uwanja mzima ukanguruma, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zake.

“Mjomba, nani kafunga?”

“Sisi, mpwa wangu. Sisi.”

Jibu hilo halikutaja jina la mchezaji wala dakika, lakini mtoto aliridhika nalo. Njiani kurudi nyumbani mjomba alimsimulia bao lote: pasi ilikotoka, beki alivyohadaika, mlinda mlango alivyoruka bure. Kufika nyumbani mtoto naye akawasimulia wenziwe, akiapa kwamba ameliona.

Baadaye baba yake alihamishiwa kikazi Iringa, mwendo wa zaidi ya kilomita mia tatu kwa barabara kuu itokayo Zambia. Huko akakuta uwanja mwingine, wa Samora, na timu nyingine, Lipuli. Viwanja hivyo viwili vinabeba majina ya watu waliokatishwa maisha safarini: Edward Sokoine alikufa kwa ajali ya gari karibu na Morogoro mwaka 1984, na Samora Machel kwa ajali ya ndege mwaka 1986, mwaka ule ule wa ubingwa wa Tukuyu. Mtoto aliyajua majina hayo kwanza kama mahali pa kupigia kelele, na baadaye sana kama majina ya marehemu.

Iringa alikuwa amerefuka. Aliweza kuona juu ya mabega, na pasipokuwa na nafasi alipanda mti. Ajabu ni kwamba mechi za Samora, alizoziona sawasawa, zimefutika kichwani mwake karibu zote. Zile za Mbeya, alizoziona nusu, bado zimekamilika. Bao la mjomba analo hadi leo, pamoja na pasi yake na beki wake aliyehadaika.

Mwaka 2013 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu, na msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya tatu. Mwaka 2019 Lipuli iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaenda kufungwa bao moja na Azam kwenye fainali mjini Lindi. Mwaka uliofuata ikashuka daraja. Mambo hayo yana picha. Mtoto wa leo akibishiwa, anafungua simu na ubishi unakwisha.

Shabiki wetu hana cha kufungua. Mjomba wake amekwisha fariki, na ndiye peke yake aliyeweza kumwambia ni lipi aliliona na ni lipi alisimuliwa. Wapo watakaosema kwamba ushahidi wa namna hiyo haufai. Lakini watu wa pwani, ambao tenzi zao zilikaa vifuani na vinywani kabla ya kukaa karatasini, hawana haki ya kusema hivyo upesi. Aliyesimuliwa vizuri na mtu aliyempenda amepokea amana, na amana hudai kufikishwa.

Alhasili, jedwali la mabingwa litaendelea kuonyesha jina la Tukuyu Stars mbele ya mwaka 1986. Halitaonyesha makoti yale, wala karanga, wala mlango ambapo wageni walishika mikono ya watoto wa wenzao. Hayo yamo kwa watu wachache wenye mvi, Mbeya na Tukuyu na Iringa, na anayetaka kuyaandika aende kuwauliza sasa hivi.