Nani Alimwua Sultani wa Kilwa?

Atakaye kuvuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani hana haja ya meli kubwa. Mashua humpakia, tanga hukamata upepo, na kabla maongezi hayajanoga amekwisha fika, kwani mlangobahari ule ni mwembamba. Jambo la kwanza kumlaki ni ngome kuukuu iliyokaa ufukoni, miguu yake ikirambwa na maji. Wenyeji huiita Gereza. Sehemu kubwa ya kuta zake ni kazi ya wakati wa Waarabu wa Oman, lakini mahali pale pale Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505, nao walikuwa na kisa cha kueleza kwa nini walikuja na mizinga. Kisa hicho ni cha mauaji.

Nilivuka na wanangu wawili, nikidhani nitawaonyesha magofu tu. Nilirudi na swali ambalo sijaweza kulijibu hata leo.

Ndugu msomaji, ili kuelewa kilichouawa pale, hapana budi kuona kwanza kilichokuwa hai. Kutoka Gereza njia inapita kati ya mibuyu hadi Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kale ilianza karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kuonekana katika bahari hii; sehemu kubwa ya kusini iliongezwa baadaye, kwa nguzo na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Mashariki ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane. Linahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika mwaka 1331, akausifu mji huo. Utajiri wake ulitokana na dhahabu ya Sofala, iliyopita Kilwa ikielekea Arabuni na Bara Hindi.

Lakini mahali penye asali hapakosi nyuki. Kufikia mwisho wa karne ya 15, kiti cha enzi cha Kilwa kilikuwa kimebaki kiti tu. Waliokuwa na nguvu ni mawaziri na maamiri. Hao ndio waliomweka Sultani, na hao ndio waliomwondoa alipoacha kuwapendeza. Mwaka 1495 mkubwa wao, Amiri Ibrahim, alimweka kitini mtu wa ukoo wa kifalme aitwaye al-Fudail bin Sulaiman. Sultani alikuwa na jina. Amiri alikuwa na mji.

Baada ya miaka michache al-Fudail hayupo tena. Wareno wanasema kwamba aliuawa, na kwamba mwuaji ni Amiri Ibrahim.

Tulikuwa tumeketi kivulini kando ya msikiti nilipowasimulia wanangu habari hii. Mdogo aliniuliza: "Baba, aliyeandika hayo alikuwapo?"

Swali la mtoto lilinifunga kinywa. Simulizi inayojulikana zaidi imo katika kitabu cha mwanahistoria João de Barros, kilichochapishwa Ureno mwaka 1552. Mtu huyo alikusanya habari nyingi, hata historia ya masultani iliyotoka Kilwa kwenyewe, lakini mguu wake haukukanyaga kisiwa hiki. Ipo pia historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne hiyo ya 16. Mwandishi wake aliahidi milango kumi. Nakala iliyotufikia ina saba. Inatupa habari za al-Fudail na za kuja kwa Wafaranji, kisha inakatika. Basi kesi hii imebaki na shahidi mmoja mwenye sauti kubwa, na mwingine aliyenyamaza katikati ya ushahidi wake.

Tumtazame kwanza mshitakiwa. Kwamba Ibrahim alikuwa mjanja, hakuna shaka. Mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral alipotia nanga akataka kuonana na mtawala, historia ya Kiarabu yasema kwamba watu wa Kilwa walimvika mavazi ya kifalme mtu mwingine mwenye heshima, Luqman, mwana wa mfalme wa zamani, wakampeleka yeye. Mji uliokwisha zoea kutawaliwa na mtu nyuma ya pazia haukuona taabu kumvisha nguo za mfalme asiye mfalme.

Mwaka 1502 akaja Vasco da Gama na merikebu nyingi. Alimtisha Ibrahim kwa mizinga hadi akakubali kulipa kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu. Wareno wanasimulia kwamba Ibrahim alimtoa rehani tajiri mmoja, Muhammad bin Rukn al-Din, ambaye wao walimwita Ankoni. Kisha Amiri akakaa kimya, dhahabu haikupelekwa. Ankoni alikuwa rafiki wa marehemu al-Fudail, na Ibrahim hakumpenda. Kama Wareno wangemwua mtu wa rehani, Amiri angekuwa amemwondoa adui kwa mkono wa mgeni, na upanga wake ungebaki safi. Ankoni aliutambua mtego, akalipa dhahabu hiyo kutoka mfukoni mwake.

Mtu awezaye kufanya hivyo, je, hawezi kumwua Sultani? Lipo na jambo jingine. De Barros anasema kwamba Ibrahim, ingawa alikuwa na mamlaka yote, hakuitwa Sultani, alibaki Amiri. Huenda mji ulimnyima jina hilo kwa sababu hakuwa na haki ya kulirithi. Huenda pia ulikuwa na sababu nyingine usiyothubutu kuitamka.

Sasa tumtazame mshitaki. Mwaka 1500 Wareno walizungumza na utawala wa Ibrahim. Mwaka 1502 waliapizana naye na kupokea dhahabu. Damu ya al-Fudail haikuwanukia. Ilianza kunuka mwezi Julai 1505, baada ya kodi kukoma, Francisco de Almeida alipoteremsha askari ufukoni. Ibrahim alikimbia, nyumba zikaporwa, ngome ikaanzishwa. Hapo ndipo ilipofaa sana kwamba mtu aliyefukuzwa awe mnyang'anyi na mwuaji, maana anayemfukuza mwuaji huonekana mwenye haki. Almeida alimtawaza Ankoni kwa taji la dhahabu lililokuwa limeandaliwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin, huko Bara Hindi. Taji la mfalme mmoja likawekwa juu ya kichwa cha mwingine, kama kofia ya kuazima.

Hata hivyo Ankoni alitenda jambo moja ambalo kwangu ni ushahidi mzito kuliko maneno yote ya de Barros. Aliomba atakayemrithi asiwe mwanawe mwenyewe, bali mwana wa al-Fudail. Mtu hamnyimi mwanawe ufalme pasipo sababu. Ni kama mtu anayerudisha mali iliyoibwa, ingawa si yeye aliyeiiba.

Hakuishi kuona heshima hiyo ikilipwa. Mwaka 1506 alialikwa kwa maneno ya urafiki na mtawala wa mahali ambapo Wareno walipaandika Tirendicunde, ndugu wa Amiri Ibrahim. Huko akauawa. Mwanawe na mwana wa al-Fudail wakagombea kiti, Wareno wakimwinua huyu na kumshusha yule, huku biashara ikididimia. Mwaka 1512 wageni waliiacha ngome, wakaondoka. Na nani akarudi Kilwa kutawala? Amiri Ibrahim!

Nani basi alimwua Sultani? Nikilazimishwa kutoa hukumu, nitasema mkono wa Ibrahim haukuwa mbali. Lakini sitaigonga rungu meza, maana faili hili liliandikwa na watu walioichukua nyumba ya mshitakiwa. Hukumu ya damu ya al-Fudail ilikuwa ya watu wa Kilwa. Wangeitoa kwa sheria zao, katika baraza lao, hata kama ingechukua miaka. Wao walichelewa, kila mkubwa akimvizia mwenziwe, na jirani mwenye mizinga akajifanya kadhi. Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Jua lilikuwa limeanza kuinama tuliporudi ufukoni. Maji yalikuwa yamekupwa, ikatubidi kuvua viatu na kutembea topeni kuifuata mashua. Mwanangu mdogo aliigeukia Gereza mara ya mwisho, akaniuliza kama ile milango mitatu ya kitabu iliyopotea inaweza kupatikana siku moja.

Nilimwambia kwamba katika nyumba za pwani yetu makaratasi mengi ya kale yametunzwa kwenye masanduku ya mababu, na mengine yameliwa na mchwa pasipo mtu kuyasoma. Kama wewe, ndugu msomaji, unalo sanduku la namna hiyo, lifungue kabla ya mchwa. Huenda shahidi wetu wa pili hajamaliza kusema.