Kitonga hupima gari la familia

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa hupita Morogoro, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kisha huingia kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na wauza vitunguu wa kando ya barabara. Familia nyingi husimama hapo. Watoto hunyoosha miguu na wazazi huchagua vitunguu. Mbele kidogo unaanza mlima Kitonga, ambao haulionei huruma gari bovu.

Barabara ina kona kali, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Malori yanayokwenda Tunduma na Zambia hupanda taratibu. Dereva wa gari dogo hungoja nafasi, akiipata hukanyaga mafuta ili alipite lori. Gari likikata nguvu sekunde hiyo, watoto wakiwa kiti cha nyuma, hakuna pa kukimbilia.

Mama mmoja aliyekuwa akiwapeleka wanawe wawili kwa bibi yao anaijua sekunde hiyo. Subaru Forester yake ya turbo, yenye umri wa miaka zaidi ya 20, ilikimbia vizuri tangu asubuhi. Kitonga ikaanza kumisi, ikiruka-ruka kama mtu mwenye kwikwi. Aliacha kulipita lori, akajikokota nyuma yake hadi penye upana, akaweka pembetatu za tahadhari na kuwahamishia watoto mbali na barabara. Baada ya nusu saa injini ilipoa, akawasha, ikanguruma kama haikuwahi kuugua.

Haikuwa mara ya kwanza. Dar es Salaam alishalipeleka gereji mara mbili, na mara zote likafika likiwa zima. Mzazi yeyote anaijua hali hiyo: mtoto anachemka homa usiku, asubuhi mbele ya daktari anacheka. Mafundi walibahatisha. Wa kwanza alibadilisha betri, wa pili pampu ya mafuta. Fedha ilikwenda, ugonjwa ukabaki.

Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, fundi hakukimbilia spana. Aliuliza kwanza. "Dada, huwa linamisi likiwa la baridi au likishapata moto? Kwenye tambarare au mlimani?" Majibu yalikuwa mawili: moto na mlima.

Majibu hayo yalimwonyesha pa kuanzia. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikibanwa zaidi, cheche ya plagi huhitaji umeme wenye nguvu zaidi ili iruke. Koili iliyochoka huweza kuutoa umeme huo kwenye tambarare, lakini ikashindwa mlimani, turbo inaposukuma kwa nguvu. Joto nalo hupanua nyufa ndogo ndani ya koili, na ikipoa hujifunga tena. Ndiyo maana gari "hupona" lenyewe.

Kompyuta ilionyesha kasoro kwenye silinda namba 3. Hata hapo fundi hakuagiza spea. Alihamishia koili ya namba 3 kwenye namba 1, na ya namba 1 kwenye namba 3, kisha wakapanda mlima wa kuingia mjini. Gari likamisi tena, na safari hii kasoro ikasomeka namba 1. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili. Kama ungebaki namba 3, angeitazama plagi, waya au kichwa cha kunyunyizia mafuta. Plagi nazo zilitolewa. Kwa injini hiyo hukaa ubavuni, kuzifikia ni kazi, na baadhi ya mafundi huziruka. Pengo la ncha zake lilikuwa limepanuka, jambo linaloichosha koili zaidi. Zikabadilishwa zote.

Kwa mzazi mwenye gari la namna hiyo, funzo la Kitonga ni kupima kabla ya kununua. Andika kwenye simu gari lilimisi saa ngapi, wapi, lilikuwa na moto kiasi gani na mwendo gani. Taa ya injini ikimweka-mweka, punguza mafuta na usimame mahali salama, kwa sababu petroli isiyoungua huenda kuchoma masega ya ekzosi. Usimruhusu mtu achomoe waya au koili injini ikiwaka, maana humo mna maelfu ya volti. Na gari likishamisi kabla ya Ruaha Mbuyuni, tafuta fundi kwanza. Usianze kupanda na watoto.

Mama huyo sasa ana daftari dogo ndani ya gari. Analijaza kama kadi ya kliniki: tarehe, dalili, alichopima fundi, alichobadilisha.