Kaburi la Mbwa Kule Beddgelert

Mwezi Mei 2023 tulibahatika kufika Wales, nchi ya milima na kondoo iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Tulikuwa kina mama wanne, tumealikwa na kanisa rafiki. Siku moja wenyeji wetu walitupandisha treni ya mvuke mjini Caernarfon, kuelekea milima ya Eryri. Reli yenyewe ni nyembamba, na vichwa vya treni ni aina ya Garratt, vilivyofanya kazi Afrika Kusini kabla ya kupelekwa huko. Aliyewahi kuona Garratt kubwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi angedhani amekutana na jamaa yake ugenini!

Tuliteremka Beddgelert, kijiji cha nyumba za mawe mahali inapokutana mito miwili, Colwyn na Glaslyn. Kwa Kiwelisi jina hilo maana yake ni "kaburi la Gelert". Tulifuata njia ya miguu kando ya mto kwa dakika chache tu, tukaliona: mawe chini ya mti, uzio wa chuma, na mabamba yenye maandishi kwa lugha mbili.

Kisa ni hiki. Llywelyn, mtawala wa Wales aliyefariki mwaka 1240, alikwenda kuwinda bila mbwa wake Gelert. Aliporudi, mbwa alimkimbilia kwa furaha, mdomo umelowa damu. Ndani, kitanda cha mtoto kimepinduka, shuka zina damu, mtoto haonekani. Baba akachomoa upanga, akamchoma mbwa. Mlio wa mbwa ukajibiwa na kilio cha mtoto, mzima kabisa chini ya kitanda, na pembeni mbwa mwitu mkubwa amelala, amekufa. Husemwa kwamba Llywelyn hakutabasamu tena.

Wenyeji wetu hawakutuficha kitu. Walituambia kaburi hilo lilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 18 na mwenye hoteli, David Pritchard, ili avute wageni, na kwamba huenda jina la kijiji limetokana na mtakatifu wa zamani. Hata kisa chenyewe ni msafiri. India mlinzi wa mtoto ni nguchiro aliyeua nyoka, na Waarabu walikipokea katika Kalila na Dimna katika karne ya 8. Karibu na Lyon, Ufaransa, mbwa aliitwa Guinefort. Katika karne ya 13 mtawa mhubiri, Stephen wa Bourbon, alikuta kina mama wakipeleka watoto wagonjwa kwenye kaburi lake waombewe na mbwa! Aliamuru mifupa ifukuliwe na kuchomwa moto. Sisi tuliowahi kukesha wodini na mama ambaye mtoto wake hashushi homa hatukuweza kuwacheka wale kina mama.

Basi kama kaburi ni la kutengenezwa, mbona wawili wetu, sote wauguzi, tulishindwa kuondoka pale?

Mwaka 2004, tukiwa wapya kazini, alfajiri moja aliingia mbio binti wa kazi, umri kama miaka 16, amembeba mtoto wa mwajiri wake. Kanga yake ilikuwa imelowa damu. Hatukumpa hata kiti. Tulimnyang'anya mtoto huku tukimfokea, "Umemfanya nini mtoto wa watu?" Mama wa mtoto alipofika alimpiga kofi mbele yetu, nasi tukanyamaza, kwa kuwa mioyoni tulikuwa tumeshampiga.

Tulimvua mtoto nguo, tukamsafisha, tukatafuta jeraha. Halikuwepo. Alinuka moshi tu. Ndipo mmoja wetu akageuka, akaona damu inatiririka sakafuni kutoka kwenye mkono wa binti. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa limelipuka, mlango umefungwa kwa nje, naye alivunja kioo cha dirisha kwa mkono wake ili amtoe mtoto. Alikuwa amejaribu kutueleza tangu mlangoni.

Tulimshona nyuzi tisa. Hakulia. Tulimwambia, "Pole, mwanangu," tukamwandikia tarehe ya kurudi kutolewa nyuzi. Siku hiyo ilipita, na wiki ikapita. Tulipomuuliza mwajiri wake alisema tu kwamba binti alikwisha kwenda zake.

Hayo tuliyasimulia tukiwa tumekaa kwenye majani, mto unavuma chini yetu, kondoo wakila ng'ambo. Mama mchungaji, aliyekuwa mkubwa kwetu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Aliitwa nani binti huyo?"

Tulitazamana. Katika daftari tulikuwa tumeandika "msichana wa kazi".