Sweta la Februari

Februari ya Dar es Salaam hata mbuzi hutafuta kivuli. Binti aliyeingia chumbani kwangu Jumatatu ile alikuwa amevaa sweta la shule, amefunga zipu hadi kidevuni na kuingiza vidole ndani ya mikono ya sweta. Mama yake alishika bahasha ya kaki iliyofutuka kwa karatasi. Nilijua kilichowaleta kabla hawajakaa.

Mimi ni afisa lishe katika hospitali ya serikali, mwaka wa 16 sasa. Watu wakisikia kazi yangu huniuliza kama ndizi za kuchoma zinanenepesha. Siku za kliniki napokea watu wa kisukari, watu wa presha, wajawazito waliopungukiwa damu na watoto wa utapiamlo. Mtoto namvalisha ule mkanda wa mkononi wenye nyekundu, njano na kijani, rangi inanipa jibu, maziwa yapo stoo, kitanda kipo. Mgonjwa kama huyu wa sweta hana mkanda. Hata kwenye rejesta ninayojaza hana mstari. Na kwetu ugonjwa usio na mstari hauagiziwi kitu, hautengewi mtu, na mwisho wa mwezi ripoti ikipanda unakuwa haukuwapo. Ninaowaona wawili watatu kwa mwezi huishia kwenye "vidonda vya tumbo" au "mengineyo".

Tulifungua bahasha. Dozi tatu za omeprazoli. Dawa ya minyoo mara mbili. Picha ya tumbo, safi. Makohozi ya kifua kikuu, hakuna kitu. Kipimo cha UKIMWI mara tatu, kwenye vituo vitatu tofauti, maana mama hakuamini. Kipimo cha mimba mara mbili, kwa kuwa binti hakuwa ameona siku zake kwa miezi saba.

"Dokta, nimepima kila kitu," mama aliniambia. Mimi si daktari, lakini nimeacha kurekebisha watu. "Hana kitu. Ila mtoto anaisha."

Nilimwomba binti avue sweta. Mikononi na mgongoni alikuwa ameota malaika, vile vinywele laini kama vya kichanga. Mwili uliokosa chakula kwa muda mrefu huviotesha ukijitafutia joto. Kucha zilikuwa na rangi ya samawati. Miaka 17, sentimita 158, kilo 37. Mapigo ya moyo akiwa amelala: 44 kwa dakika. Akiwa amesimama: 96. Hakuna mtu aliyewahi kuyapima kwa namna hiyo kwa mwaka mzima. Kila alikopita, waliangalia tumbo kwa sababu yeye mwenyewe alisema tumbo.

Wenzangu kazini wana neno lao kuhusu watu wanaojinyima chakula hivi: hayo ni magonjwa ya Wazungu, sisi tunakitafuta chakula wao wanakikimbia. Siku hizi huwajibu kwa habari ya visiwa vya Fiji. Huko mwili mkubwa ulikuwa sifa, kama kwetu. Televisheni ilifika sehemu moja ya visiwa hivyo mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwapima wasichana wa shule wakati huo, hakukuta hata mmoja aliyekuwa akijitapisha ili apungue. Aliporudi mwaka 1998 alikuta wamefika asilimia 11.3. Hiyo ilikuwa televisheni tu, ya kuangalia sebuleni na wazazi. Binti wa sweta alikuwa na simu yake mwenyewe.

Lakini sisi tuna letu pia, ambalo Fiji haliko. Watu wa umri wangu tulikulia miaka ambayo kukonda kulikuwa hukumu. Mtu akipungua, mtaa mzima unanong'ona kwamba ana ngoma, yaani UKIMWI. Kwa hiyo familia ikiona mtoto anakwisha, kitu cha kwanza ni kumficha. Anavalishwa madera mapana, hatumwi dukani, wageni wakija amelala. Wakija kwangu wamechelewa mwaka, wakati mwingine miwili.

Watu huziuliza familia hizi: mlikuwa mnakula naye, hamkuona? Hawajui sinia. Kwenye sahani kila mtu anaonekana kiasi alichobakiza. Kwenye sinia, watu sita mkono unaingia na kutoka, nani ahesabu? Nimekaa nao nikawatazama. Anamega tonge dogo, analiviringisha, analiviringisha tena, analichovya kwenye mchuzi, analigandamiza upande wa mwenzake, anaramba kidole. Ananawa pamoja na wengine. Mama anaapa kwamba mtoto alikula ugali jana usiku, na hasemi uongo, kwa sababu aliuona mkono.

Binti huyu alikuwa na zaidi: alikuwa mpishi. Chapati, pilau, maandazi ya hiliki, vyote vyake. Alisimama mlangoni mpaka wadogo zake wamalize. Simu yake ilijaa video za mapishi. "Mtoto anayependa jiko namna hii anakosaje hamu ya kula?" mama aliuliza. Hamu anayo. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, vijana wa kiume 36 wenye afya zao walijitolea kupunjwa chakula kwa miezi sita ili mtaalamu Ancel Keys ajue namna ya kuwalisha watu walioshinda njaa vitani. Vijana wale, ambao hawakuwa na habari na mapishi, walianza kusoma vitabu vya mapishi na kuota chakula. Ubongo wenye njaa hauachi kufikiria chakula, uwe wa mwanafunzi wa Tabata au wa kijana wa Kimarekani. Yule binti alikuwa na njaa usiku na mchana, na alikuwa anaiogopa.

Mama mwenye hofu huja siku ya pili na hotipoti mbili. Hapo ndipo kazi inapokuwa ya hatari. Mtu aliyeshinda njaa miezi ukimjaza chakula ghafla, mwili huvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kwa kasi, na moyo unaweza kusimama tumbo likiwa limeshiba. Tunaanza kidogo na kupandisha polepole, na damu ipimwe mara kwa mara. Maandishi yanasema hivyo. Vitendanishi vya fosfeti kwetu vikiisha, vimeisha. Familia inapeleka sampuli nje kwa pesa yao, ama tunakisia. Mgonjwa mmoja nilimzika, miaka sita iliyopita. Alikufa Jumapili usiku. Cheti kiliandikwa moyo kushindwa kufanya kazi, na ni kweli ulishindwa.

Aliyemwokoa wa sweta alikuwa bibi yake, aliyeletwa kutoka Lushoto. Mimi nilimweleza tu utaratibu: mara sita kwa siku, kidogo, mtu mzima akae naye mpaka amalize, asigombezwe, asisifiwe, asiahidiwe zawadi, na asiende chooni peke yake kwa saa moja baada ya kula. Hospitali ya Maudsley, London, ndiko walikoanza tangu miaka ya 1980 kuwakabidhi wazazi wajibu wa kumlisha mtoto, badala ya kumtenga nao. Bibi hakuwa na haja ya London. Siku ya kwanza nusu kikombe cha uji wa ulezi kilichukua dakika 50. Binti alilia, akasema uji utamuua, akasema bibi amekuja kumharibu. Bibi alikuwa na kikombe chake mwenyewe. Alikunywa funda, akasubiri, akasimulia habari za ng'ombe wa jirani aliyeingia kanisani. "Mke mwenzangu," alimwambia, "mimi sina safari leo. Uji ukipoa tunaupasha." Waliupasha mara tatu.

Kwenye mzani nilimpandisha binti akiwa ameupa mgongo. Namba niliandika kwenye faili, sikuitamka. Hili nalo nilijifunza kwa makosa. Kwako wewe na mimi, "umeongezeka kilo moja" ni habari njema. Kwake ni kama kusomewa mashtaka.

Miezi mitatu baadaye alikuwa kilo 44. Hapo ikatokea sendi-ofu ya binamu yake. Shangazi mmoja, mtu mwema kabisa, aliyekuwa amemwombea usiku kucha, alimkumbatia mbele ya watu: "Jamani mwanangu, umenawiri! Sasa una mashavu!" Kesho yake binti hakula. Wiki tano zilizofuata tulirudi hadi 39, na safari hii bibi alikuwa amesharudi Lushoto.

Simlaumu shangazi. Kwetu mwili ni sehemu ya salamu. Umenenepa, maana yake maisha yamekukubali. Umekonda, maana yake tunakuonea huruma, kuna nini? Bonge, kibonge, kimbaumbau, yote ni utani wa nyumbani. Mtu mzima mwenye afya anacheka na kuendelea. Mgonjwa wangu anaondoka na hilo neno moja, analiviringisha kama lile tonge.

Nimesema najifunza kwa makosa. La kwangu kubwa halikuwa la binti mwembamba.

Alikuwa mama wa miaka 34, muuza vitambaa, kilo 91, presha imeanza kupanda. Alikuja kliniki yetu ya magonjwa yasiyoambukiza. Nilimpa karatasi yangu ya mpango wa kula, ile ile niliyowapa wote kwa miaka, yenye safu ya "ruhusa" na safu ya "marufuku". Mwezi baada ya mwezi alishuka. Mwezi wa tano alikuwa 72. Kilo 19. Nilimsimamisha mbele ya benchi la wagonjwa nikapiga makofi. "Mwigeni mwenzenu," nilisema. Wakapiga makofi pia. Yeye alitabasamu akiwa amefunga mdomo.

Wiki tatu baadaye aliletwa na bajaji, ameanguka dukani. Potasiamu 2.6. Inapaswa isipungue 3.5. Daktari wa zamu alifikiri ni kuhara. Mimi niliuona mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya shuka: vifundo vya vidole viwili vilikuwa na sugu nyeusi, mahali meno yanapogusa mtu anapojitia vidole kooni. Daktari Gerald Russell wa London aliieleza alama hiyo mwaka 1979. Nilikuwa nimesoma habari zake chuoni. Mkono ule niliushika mara tano kwa kuufunga kipimo cha presha, na sikuuona, kwa sababu nilikuwa natazama mzani. Mashavu yake yalikuwa yamevimba chini ya masikio kama mtu wa matumbwitumbwi, nami nilidhani ni unene uliobaki. Ule mdomo uliofungwa nao ulikuwa na sababu: meno yalikuwa yameanza kuliwa na tindikali.

Alipopata nguvu ya kusema, hakunigombeza. "Dada, ulinipigia makofi," alisema. "Nikasema basi niongeze."

Alikuwa bado na kilo nyingi kuliko zinazotakiwa kwenye chati yangu. Wala hakuna aliyeweza kumwita mgonjwa wa kukosa kula. Watu wanadhani ugonjwa huu una umbo, kwamba lazima uwe mifupa. Wengi ninaowaona si mifupa. Wana miili ya kawaida, au minene, na wanapongezwa njiani.

Ile karatasi ya ruhusa na marufuku niliibandua ukutani wiki hiyo. Kumtibu yule mama kulianza na jambo ambalo wakubwa zangu hawakulipenda: kula milo mitatu, wali ukiwamo, kwa saa zilizopangwa, na kuacha kupima uzito kabisa kwa miezi sita. Presha tuliishughulikia kwa vidonge na kutembea. Kwenye kikao niliulizwa kama sasa ninawafundisha watu kunenepa. Nilijibu kwamba anayepiga pasi ndefu mchana kutwa ndiye anayekula sufuria nzima usiku na kuitapika. Hawakuandika jibu langu kwenye muhtasari.

Amepona? Hujitapisha mara moja moja, mambo ya duka yakibana au mumewe akimsema. Zamani ilikuwa mara nne kwa siku. Mwaka jana Ramadhani ilipokaribia alitaka kufunga, nami nikajua mfungo ungekuwa mlango wa kurudi kule. Nilimwomba akamuulize shehe wake. Shehe alimwambia mgonjwa ana ruhusa, na kwamba kulisha maskini kungemtosha. Alilia kwa aibu, kisha akala daku na watoto ili wasimuulize, na mchana akala dukani, nyuma ya vitambaa, saa saba kamili kama tulivyokubaliana.

Binti wa sweta amerudi shule, kutwa, si bweni. Bibi alirudi kutoka Lushoto bila kuitwa mara ya pili. Ana kilo ambazo sitazitaja hapa, kwa kuwa huenda akasoma haya. Siku nyingine anakula vizuri, siku nyingine uji unapashwa mara tatu.

Kama una mtoto nyumbani anayevaa sweta kwenye joto, anayewapikia wengine na kusimama mlangoni, anayekwenda chooni kila baada ya kula na kufungulia bomba, usimpandishe kwenye mzani wala usimshike shavu mbele ya watu. Mlete. Wakikuandikia dawa ya vidonda vya tumbo kwa mara ya nne, usiondoke dirishani. Omba apimwe mapigo ya moyo akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na waandike namba zote mbili.